Hela ya matibabu ya mama imemegwa njiani kila kituo, na dirishani hakuna aliyefungua mdomo (Tanga)

Wakuu, salaam.

Hii wiki ya tatu nalala na karatasi za benki chini ya mto. Naandika nikiwa Ngamiani, mama yuko chumba cha pili amelala, anaendelea vizuri alhamdulillah, kwa hiyo pole ya ugonjwa nimeshaipokea. Nataka tuzungumze hela.

Tulimpeleka mama Chennai, India. Ugonjwa wenyewe sitautaja, ni siri yake. Ila hela ilikotoka lazima niwaambie, la sivyo mtaona nalilia vijisenti. Dada yangu aliuza kiwanja chake cha Pongwe alichokuwa anakilipia kidogo kidogo kwa miaka minne. Mjomba wa Muheza aliuza machungwa yakiwa bado mtini, kwa bei ya mnunuzi, maana ugonjwa haukusubiri msimu. Akina mama wa kikoba cha Makorora walivunja sanduku kabla ya siku yake. Msikitini tulichangiwa Ijumaa mbili. Kwenye daftari la michango kuna bibi mmoja kaandikwa shilingi elfu moja, na huyo bibi namjua, anauza vitumbua, elfu moja yake ni asubuhi nzima ya moshi machoni.

Sasa hiyo ndiyo hela iliyoliwa.

Tuanze na dola. Nilikwenda kununua dola 3,000 za mkononi. Kwenye kioo wamebandika kwa maandishi makubwa kwamba hawatozi kamisheni. Nikafurahi kama mtoto. Ubao nyuma yao ulionyesha wananunua dola kwa 2,430 na wanauza kwa 2,500. Sikuuelewa ule ubao siku ile, nimeuelewa nikiwa nimesharudi. Kamisheni imo humo humo ndani ya bei. Katikati ya namba hizo mbili ni 2,465, kwa hiyo kwa kila dola niliacha shilingi 35 mezani. Zidisha mara 3,000, ni 105,000. Na hakuna mahali kwenye risiti palipoandikwa kwamba nimelipa 105,000 za huduma. Risiti inasema makato ni sifuri.

Sisemi mwenye duka asile. Ana pango, ana mlinzi, ana leseni. Tena sote tunakumbuka mwishoni mwa 2018 kule Arusha na mwanzoni mwa 2019 Dar es Salaam, maduka ya kubadilishia fedha yalivyokaguliwa na mengi kufungwa, na mtu wa mkoani akabaki na sehemu chache za kulinganisha bei, anachukua anachopewa. Lakini kama unakula, andika unakula kiasi gani. Usinibandikie kwenye kioo kwamba hunitozi.

Zile dola zenyewe walinipa mchanganyiko. Mia, hamsini, ishirini ishirini nyingi, na noti mbili za mia za zamani zenye kichwa kidogo. Nikauliza, hizi zinapita? Nikaambiwa dola ni dola. Chennai, dada wa kaunta akazirudisha zile mbili za zamani bila hata kuzishika vizuri. Nazo ni halali kabisa, Marekani yenyewe inatambua noti zake zote za zamani kwa thamani kamili. Lakini kaunta haiendi kwa sheria ya Marekani, inakwenda kwa hofu yake ya noti bandia. Na nilipozirudisha hapa Tanga, dirisha lile lile, unajua waliniambia nini? Kwamba noti za zamani wanazinunua kwa bei ya chini. Wao ndio walioniuzia kwa 2,500, dirisha lile lile!

Uwanja wa ndege wa Chennai sitakaa sana. Tulifika usiku, mama kachoka, teksi inataka rupia, nikabadilisha dola 500 pale pale. Bei ya soko siku ile ilikuwa karibu rupia 88 kwa dola, wao walinipa 82. Rupia 3,000 zimekwenda, elfu themanini na tano za kwetu hivi. Hapo kosa langu ni kubadilisha 500 wakati teksi na chakula cha usiku vingetosha na dola 50. Nalikubali.

Lililonitoa machozi ni la hospitali.

Hospitali ilitaka malipo ya awali ya dola 6,000 yaingie kwenye akaunti yao kabla mama hajalazwa. Tuliyatuma kutoka benki hapa Tanga siku nane kabla ya safari. Nilijaza fomu, nikasaini, nikalipa makato ya kutuma, nikapewa karatasi ya uthibitisho, ile wanayoiita MT103, nikaikunja ndani ya pasipoti kama hirizi. Tumefika hospitali saa tatu asubuhi, kijana wa dawati la wageni anaangalia kompyuta yake ananiambia zimeingia dola 5,955. Pungufu dola 45. Nikamwonyesha karatasi yangu, imeandikwa 6,000. Akaniambia kwa upole kabisa, kaka, sisi tumepokea 5,955, mfumo haunifungulii kitanda mpaka itimie.

Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu ukumbini. Sikutaka kumwambia tumekwama kwa dola 45. Dola za mkononi hawakuzipokea pale dawatini, wanataka rupia na zipite kwa mhasibu, na mhasibu wa wageni alikuwa hajafika. Mashine ya ATM ya ndani haikuwa na hela. Nikatoka nje kwenye jua nikitafuta nyingine, narudi, foleni, risiti, fomu nyingine. Kitanda kilifunguliwa saa nane mchana. Saa tano mama yangu amekaa ukumbini, anauliza kila nikipita, "Mwanangu, kuna nini?" nami namjibu hakuna kitu mama, ni utaratibu tu.

Zile dola 45 zilikwenda wapi? Niliporudi ndipo nikaelezwa, tena na rafiki aliyewahi kufanya kazi benki, si na benki yenyewe. Hela ikitoka Tanga haiendi moja kwa moja India. Inapita kwenye benki nyingine iliyo katikati ya njia, wakati mwingine mbili, na kila moja inachomoa chake njiani. Kwenye fomu ya kutuma kuna kisanduku cha kuchagua nani abebe makato hayo. Ukiandika OUR, anayetuma anabeba yote na kiasi kinafika kizima. Ukiandika SHA, mnagawana, na cha benki za njiani kinakatwa kwenye hela yenyewe. Nimeichukua nakala ya fomu yangu. Imewekwa SHA. Si mwandiko wangu. Mhudumu aliijaza mwenyewe bila kuniuliza, na alijua nalipia hospitali maana barua ya hospitali niliiweka mezani kwake. Swali moja tu lingetosha: "Unataka ifike kamili?"

Kisha kadi. Nilikuwa na kadi ya akaunti ya dola. Siku ya kulipia dawa na vipimo, bili ilikuwa rupia 62,000. Kimashine kikaniuliza nilipe kwa rupia 62,000 au kwa dola 740. Wakuu, mimi nilichagua dola. Akaunti yangu ni ya dola, hesabu naielewa kwa dola, mtu yeyote angefikiri hivyo ndivyo anakwepa kubadilisha mara mbili. Ni kinyume chake. Ukichagua rupia, anayebadilisha ni mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, kwa bei iliyo karibu na ya soko. Ukichagua dola, anayebadilisha ni mwenye kile kimashine na washirika wake, kwa bei waliyojipangia. Mchezo huo wenyewe wanauita DCC. 62,000 kwa bei ya 88 ni kama dola 704 na nusu. Nililipa 740. Dola 35 na nusu kwa kubonyeza kitufe cha upande usiofaa. Na bado benki yangu ilikata ada ya muamala wa nje, kwa sababu duka liko nje, hata kama hela iliyotajwa ni dola.

ATM nazo zinauliza swali hilo hilo, kwa maneno ya kukutisha: unakubali au unakataa bei hii? Unaona neno kukataa unadhani hela haitatoka. Inatoka. Ukikataa unakataa bei yao tu. Mimi nilitoa mara sita, elfu kumi kumi, maana mashine nyingi nilizozikuta kikomo chake ni hicho, na kila mara dola 5 za benki yangu na rupia 300 za mwenye mashine.

Nimejumlisha haya manne au matano niliyoyaandika hapa. Ni zaidi ya laki tano. Nusu yake, labda, ndiyo gharama halali ya kusafiri isiyokwepeka. Nusu nyingine ni kunyamaziwa.

Hapo sijahesabu wakala wa safari aliyetutajia tiketi kwa dola, halafu akatugeuzia kwa shilingi 2,600 ya kichwani mwake. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilitangazwa tarehe 28 Machi 2025, zinakataza kutaja na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa biashara za ndani ya nchi. Tiketi inauzwa Tanga, mnunuzi Mtanzania, muuzaji Mtanzania. Kwa nini naongea naye dola?

Nimekwenda benki mara mbili. Mara ya kwanza nikaambiwa meneja yuko kikaoni. Mara ya pili meneja, mtu mwenye adabu zake, akaniambia, "Kaka, masharti yote yapo kwenye fomu uliyosaini." Nimeyasoma. Yapo kweli, ukurasa wa nyuma, Kiingereza, herufi za kusomea na miwani. Mjomba wangu aliyeuza machungwa angeyasoma? Mama yangu? Kuna Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, zinataka mteja aelezwe gharama waziwazi. Nimeandika malalamiko rasmi kwa benki, nimegongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, na wasiponijibu nayapeleka Benki Kuu yakiwa na fomu ya SHA, MT103 na taarifa ya hospitali ya 5,955.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Aliyesema kosa ni langu kwa sababu nilibonyeza mwenyewe: kanuni za Visa na Mastercard zinamtaka mfanyabiashara amwachie mteja achague, na mimi kweli nilipewa nichague. Lakini benki iliyonipa kadi inajua jambo hili tangu zamani. Nilikwenda kuwaarifu kwamba nasafiri ili kadi isifungwe, nikakaa mbele ya mhudumu dakika ishirini. Sentensi moja, kaka, sentensi moja ya kunionya.

Aliyesema ningekwenda Horohoro kwa vijana wanaobadilisha hela mpakani mwa Kenya: wale wana shilingi ya Kenya, rupia watatoa wapi. Na hata huko msinichokoze. Mtu wa Tanga anakwenda Mombasa kununua leso, kilomita 65 tu kufika mpakani, anamegwa akienda na anamegwa akirudi na chenji. Mkataba wa sarafu moja ya Afrika Mashariki ulisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, tukaambiwa itaanza 2024, sasa tunaambiwa 2031.

Wewe unayempeleka baba Alhamisi, nimeona swali lako la namna ya kutuma na kubeba hela, nakujibu hapa na wengine waone. Fomu ya kutuma hela usisaini kabla hujaona OUR kwa macho yako, halafu omba MT103 na uitume hospitali kwa barua pepe, waulize kimeingia kiasi gani kabla hujapanda ndege. Dola za mkononi chukua za mia, mpya, zisizo na mhuri wala mkunjo, wakikupa za kichwa kidogo zirudishe hapo hapo dirishani. Uwanja wa ndege badilisha za teksi tu, na risiti ya kubadilishia itunze, utaombwa uionyeshe ukitaka kugeuza rupia zilizobaki, na zigeuze kabla hujatoka kule maana hapa Tanga hakuna atakayezinunua kwa bei ya maana. ATM toa kwa mkupuo mkubwa kadiri inavyoruhusu. Na mashine ikikuuliza dola au rupia, chagua rupia. Mfundishe na baba, huenda siku hiyo wewe uko kwenye foleni ya dawa na yeye ndiye ameshika kadi.