Vipuri havifiki, bohari ina watu 2 badala ya 7: tuanzie wapi?

Swali
Wakuu, kikosi kina magari 40 na 11 yamelala karakanani yanasubiri vipuri. Maombi yote yanatumwa kama dharura, lakini bohari kuu iko kimya. Ikama ya bohari yetu ni watu 7, waliopo kazini ni 2. Tushughulikie vipuri kwanza au watu?

Jibu 1
Anza na hizo dharura. Ombi likiwa dharura kila siku, bohari kuu haina cha kutanguliza. Alama hiyo ibaki kwa gari lisilotembea. Taa ya ndani isubiri. Halafu kagua namba za vipuri. Namba ya NATO (ya kutambulisha kila kipuri) ina tarakimu 13: 4 za kundi, 2 za nchi, 7 za kifaa chenyewe. Ukikosea moja katika zile 7, ombi linakwama au unaletewa kitu usichokijua.

Jibu 2
Mkuu, uliza pia mafundi wananyofoa kiasi gani. Pampu ya gari bovu ikihamishiwa gari jingine bila hati, leja haioni kitu. Akiba hupangwa kwa matumizi yaliyoandikwa, kwa hiyo mnaonekana hamhitaji pampu. Na kazi inafanyika mara mbili, gasketi zinaharibika juu yake. Anayenyofoa aandike, na pampu ya lile gari la kwanza iagizwe siku hiyohiyo.

Msisubiri rafu iwe tupu. Filta 6 kwa mwezi, agizo huchukua miezi 3: hiyo ni 18, ongeza 6 za tahadhari. Zikibaki 24 (pamoja na zilizo njiani), agiza.

Jibu 3
Hao 5 wako wapi? Mara nyingi orodha inawaonyesha wapo, kumbe mmoja yuko kozi, wengine lindo, mwingine anamwendesha afande. Makao makuu hayaleti mtu kwenye nafasi inayosomeka imejaa. Peleka orodha mbili: waliopangwa, na wanaoshika kazi.

Muuliza swali
Tukipewa askari wa miguu wa kuazima?

Jibu 3
Wapakue, wahesabu, wabandike lebo. Kuingiza kumbukumbu kwenye mfumo, hapana. Makosa yao mtayasaka miezi. Anayeagiza asipokee peke yake, fundi wa karakana ashuhudie. Hesabuni aina 30 kwa siku mkianza na zinazotoka sana, na oringi za mpira (pete za kuzibia uvujaji) mziangalie tarehe, maana huzeeka hata zikiwa kwenye pakiti.