"Akamai" ya Hawaii: ni mwerevu au mjanja?

Swali: Wenyeji wa Hawaii humwita mtu "akamai". Ni sifa au kejeli? Na ni lugha ya mtaani tu?

Jibu 1: Ni sifa. Mwerevu, hodari, fundi wa jambo lake. Si ya mtaani kwa asili. Ni Kihawaii sanifu kilichoingia kwenye pijini (lugha mchanganyiko) ya visiwani. Kampuni ya Akamai Technologies, iliyoanzishwa 1998, imechukua jina hapo.

Jibu 2: Angalia mpangilio. "He keiki akamai" ni mtoto mwerevu, sifa hufuata nomino kama kwetu. Sifa ikitangulia, inakuwa sentensi kamili, "Akamai ke keiki": mtoto ni mwerevu. Wageni wakitaka kusema "mtoto mwerevu" hutanguliza sifa, wakaharibu.

Jibu 3: Kwa mwenye elimu na busara, "naʻauao" inafaa zaidi.

Muulizaji: Shukrani, nimeelewa.