Jarida la muziki la Kusini: msanii alipie ukurasa wake au wasomaji tulibebe?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wadau wa Mtwara na Lindi, naomba tulijadili hili mapema, maana limeshaanza kutugawa kabla toleo la kwanza halijatoka.

Kuna vijana hapa mjini wanaandaa jarida dogo la muziki na sanaa zisizopata nafasi redioni: madogo wa singeli wanaogonga biti chumbani kwa kompyuta ya kuazima, wana hip hop wa Masasi, vikundi vya sindimba, wachonga vinyago vya mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Wazo ni zuri na nipo nao. Tatizo ni fedha. Baadhi yao wanapendekeza kila msanii atakayeandikwa alipie ukurasa wake, ili jarida lisimtegemee mfadhili wala kampuni kubwa. Wanasema huko ndiko kujitegemea. Mimi nakataa kabisa.

Wote tunajua mchezo wa promo ulivyo. Nilimsindikiza mdogo wangu kupeleka wimbo kwenye kituo kimoja cha redio. Mtangazaji akapokea flashi, akaiweka mezani kwenye kikapu pamoja na nyingine, hakuichomeka popote, akauliza, "Umejipangaje?" Dogo hakuwa na kitu. Wimbo haujapigwa mpaka leo. Sasa jarida linaloanzishwa kwa ajili ya watu kama yeye, nalo likianza kuwauliza wamejipangaje, limemsaidia nani?

Na msomaji naye ana haki yake. Nikisoma kwamba kazi ya fulani ni kali, kisha nikagundua sifa hizo kazilipia mwenyewe, toleo la pili silinunui.

Wapo waliojaribu njia nyingine wakadumu. Kule California, Maximum Rocknroll ilianza kama kipindi cha redio, ikawa jarida la panki mwaka 1982. Iliendeshwa na watu wa kujitolea, ikakataa matangazo ya lebo kubwa, na ikachapwa kwenye karatasi hadi 2019. Lakini NME, jarida la muziki la Uingereza lililoanza 1952 na kuuzwa kila wiki kwa miongo mingi, iliamua mwaka 2015 kugawiwa bure na kutegemea matangazo. Mwaka 2018 ikasimamisha uchapaji wa kila wiki. Najua kuna sababu nyingine, intaneti ikiwemo, lakini msomaji akishaacha kuwa ndiye anayekulipa, siku mwenye tangazo akiondoka huna pa kushika.

Karibu na sisi kuna singeli. Imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, na kwa muda mrefu watu wazima waliiita muziki wa kihuni. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na waandishi wa Ulaya wakaanza kuichambua kwa uzito ambao sisi wenyewe hatukuipa. Hilo linaniuma. Hata Harmonize, mtoto wa Mtwara, tulianza kumsikia vizuri akiwa tayari yuko Dar. Na tamasha la MaKuYa likiwaleta Wamakonde, Wamakua na Wayao jukwaani, vikundi vikishashuka ni nani anawafuata kijijini kuuliza wimbo ule katunga nani? Mzee mpiga ngoma hana fedha ya ukurasa. Kwa utaratibu huu wa kulipia, hataandikwa milele.

Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji, Masasi

Mkuu, mimi ni msanii, na nakupinga. Studio nalipia, video nalipia, picha ya kava nalipia. Kwa nini ukurasa wa jarida ndio uwe dhambi? Afadhali nilipe nikajua nitasomwa Newala, Tandahimba na Nachingwea, kuliko kubaki nasubiri mwandishi ajisikie kunipenda. Hayo majarida ya Marekani na Uingereza wasomaji wake wana mifuko. Huku fedha inaonekana msimu wa korosho, malipo ya mnada yakiingia. Mwezi wa nne unamuuzia nani?

Halafu mnasahau mwandishi. Wa kujitolea ataandika matoleo mawili, la tatu utamkuta anaendesha bodaboda, na hatumlaumu, ana watoto. Wewe unalinda heshima ya jarida, mimi nauliza nani atamlipia nauli ya kuja Masasi kunihoji.

Mchangiaji, Lindi

Wanangu, nawasoma mnavyovutana kuhusu fedha. Mimi ni mtu wa unyago. Nimesikia jarida hilo linataka pia kuchapa nyimbo za unyagoni, eti ni utamaduni uliofichwa. Haukufichwa, umetunzwa. Mwali anaimbiwa akiwa ndani, na aliyeingia ndani ndiye anayejua. Mlipe au msilipe, nyimbo zile si za kuuzwa stendi. Mmemuuliza kungwi yeyote?

Mchangiaji, Newala

Nyie mnajadili mapato wakati leseni hamjaigusa. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka chapisho linalotoka mara kwa mara liwe na leseni. Hiyo ada nani anaitoa?

Mleta mada

Shikamoo mama wa Lindi. Nimekuelewa, na sina la kubishana. Wimbo wa unyagoni usichapwe. Kungwi akitaka kuzungumzia kazi yake kwa kiasi anachoona kinafaa, aje aseme mwenyewe, na asomewe yaliyoandikwa kabla jarida halijaenda kuchapwa. Mapiko vilevile. Aliyevaa kinyago hatajwi, awe jirani yetu au nani. Tuandike kuhusu mchongaji aliyekubali na wapiga ngoma waliokubali, tuishie hapo. Hili nitalipeleka kwa vijana liwe sharti.

Ndugu wa Masasi, hoja ya mwandishi ni nzito kuliko hoja yangu ya NME, nakubali. Kwa hiyo nimekaa na karatasi. Jarida la kurasa 16 za A5 linatoka kwenye karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati na kupigwa pini. Hizo ni kopi 8. Tukichukua kopi moja kwa shilingi 100 za stesheneri, nakala moja ni shilingi 800. Iuzwe 1,500. Muuzaji achukue 200, zibaki 500. Nakala 300 zikiuzwa zote, ni shilingi 150,000 za nauli na posho ya waandishi. Si mshahara, lakini mtu wa kukuhoji Masasi atafika na atakula.

Mwezi wa nne hatutoi kitu. Tutoe matoleo kati ya mwezi wa kumi na wa kwanza, watu wakiwa na fedha ya korosho, kisha tukae kimya tukikusanya habari. Hakuna aliyetuwekea amri ya kutoka kila mwezi.

Matangazo sikuyakataa. Fundi cherehani, mama lishe, duka la spea, anayewawekea watu nyimbo kwenye memori pale stendi, wote waweke tangazo na lijulikane ni tangazo. Hata wewe msanii ukitaka kutangaza shoo yako, lipia nafasi ya tangazo, iwe na mstari wake pembeni. Ninachokataa ni fedha yako kuamua uandikwe au usiandikwe, na usifiwe kiasi gani. Mwandishi akija kwako, aje kwa sababu kakusikia, na awe huru kusema mistari ya ubeti wa pili haikukaa sawa. Wewe mwenyewe utakuza kazi yako kwa kusikia hilo kuliko kwa kusoma sifa ulizozilipia.

Wa Newala, umetukumbusha jambo ambalo mimi na vijana hatukuliweka kwenye hesabu, na zile 150,000 haziwezi kubeba kila kitu. Napendekeza ada ya leseni ichangwe na wasomaji waanzilishi kabla ya toleo la kwanza, kila mchango usomwe hadharani, na msanii akichangia, asiandikwe kwenye toleo hilo. Anayeona sharti hili la mwisho ni kali mno aseme hapa, maana nusu ya watakaochanga watakuwa wasanii.