Yule daktari wa "mdomo, mama, mdomo" leo amevuka mpaka

Nyar Kondele:
Simtaji, Kisumu nzima mnamjua. Yule wa kliniki ya sukari aliyefunga ndoa na simu yake. Mashine ya kupima sukari imesoma 17 kabla ya chai, na yeye bila kuinua kichwa, bila kufungua kijitabu, kwa sauti ya wauza samaki wa Kibuye: "Shida ni mdomo, mama. Mdomo!" Foleni nzima ikageuka kuuangalia mdomo wangu. Hata mlinzi sasa anaujua.

Mdomo! Tumboni hakunigusa. Pale sindano huingia asubuhi na jioni pamefanya uvimbe, na aliyesomea sukari anajua insulini ikidungwa kwenye uvimbe hukwama: leo inaingia nusu, kesho yote. Kazi ni kupapasa tu, kuhamia nyama laini, na kila sindano kuiacha ya jana kwa upana wa kidole. Hakuuliza kama ile insulini ya mchanganyiko, 30/70, huviringishwa viganjani hadi iwe nyeupe yote, wala kama huchomwa nusu saa kabla ya kula. Ameongeza uniti 6 juu ya uvimbe, akarudi kwa simu. Mdomo, eti!

Ochi wa Mamboleo:
Na huo mdomo jana ulikula nini? Tusimuonee daktari bure 😂

Sista Mstaafu:
Ochi, nyamaza. Mama, usihamie nyama nzima na hizo uniti 6 juu. Huko insulini itaingia yote, sukari ianguke usiku. Rudi dozi ipangwe upya, hata kwa klinishani mwingine. Ikishuka chini ya 4, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15.

Nyar Kondele:
Asante Sista. Lakini mbele ya watu wote? MDOMO?

Baba Ahero:
Heri nyinyi mnatukanwa. Wetu anapongeza! Kijana ana selimundu, HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, imerudi nzuri, daktari akampa mkono. Chembe nyekundu zake hufa mapema, hazikai na sukari vya kutosha, kipimo kitakosaje kudanganya? Angalia namba za damu ya kidoleni basi!

Ochi wa Mamboleo:
Kidoleni kwa stripu gani, vile vijikaratasi vya kupimia? Mashine unapewa bure, halafu inakataa stripu za mashine nyingine yoyote, na zake ziko duka moja tu mjini, bei ya mbuzi.

Kijana wa Dunga:
Zangu zimeanza kusoma ovyo. Naziweka na insulini kwenye chungu, sina friji.

Sista Mstaafu:
Chungu ni cha insulini! Stripu unyevu huziua. Zikae kwenye mkebe wake, kifuniko kimebanwa, na usizitoe kwa vidole vyenye maji.

Nyar Kondele:
Jameni, tulikuwa kwa mdomo.

Baba Ahero:
Sista, chungu chenyewe lazima kiwe na mchanga, ama maji peke yake yanatosha?

Ochi wa Mamboleo:
Na chungu pale soko la Kibuye ni pesa ngapi siku hizi?