Naomba ushauri: sanaa ya bati ya Meksiko darasani

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha sanaa darasa la sita, na muhula huu nataka wanafunzi watengeneze mioyo yenye miali ya moto kama ile ya mafundi bati wa Oaxaca, Meksiko. Foili ya jikoni inachanika haraka. Trei za alumini za chakula zinafaa zaidi. Tunalaza kipande cha trei juu ya gazeti, tunachora kwa biki upande wa nyuma, na mchoro unatuna mbele, unapendeza mno! Shida ni rangi. Ya maji haishiki, ya mafuta inaficha mng'ao wa bati, na mng'ao ndio uzuri wenyewe. Nitumie nini cha bei nafuu? Na zile kingo kali mnazifanyaje zisiwakate watoto vidole?