Tupeane uzoefu: umeacha nyama, mnaishije na wanaokula?

#1
Wakuu, habari za humu. Naomba uzi huu usigeuke ligi ya "nyama nzuri, nyama mbaya", nyuzi hizo zipo tele. Mimi sili nyama wala samaki. Mayai na maziwa natumia. Kuacha kwenyewe hakukunipa shida, shida ni watu. Ukipitisha bakuli la nyama bila kuchota, hata kama hujasema neno, aliye karibu nawe anaanza kujitetea: "mbona mimi huwa sili nyingi", "babu yangu kala nyama mpaka uzeeni". Jamani, nani kakuuliza? Nataka kuwasikia walioacha kwa imani, kwa afya, kwa kuwaonea huruma wanyama, na hasa wanaokula nyama huku wakiishi na aliyeacha. Simulia yako, ya jirani tuachie.

#2
Kwangu ni imani. Familia yetu ni Wasabato, na kanisa halimlazimishi mtu kuacha nyama zote. Linakataza zile zinazoitwa najisi katika Mambo ya Walawi 11, na mlo wa mimea linaushauri tu. Basi nyumba moja utakuta mama hali kabisa, baba anakula samaki wenye mapezi na magamba, kaka anakula kuku, na hakuna anayemwita mwenzake mwenye dhambi. Nikadhani nimeshayaona yote. Chuoni nikapangiwa chumba na mfuasi wa dini ya Kijaini. Huyo hata vitunguu, viazi na karoti hali, kwa sababu ukiung'oa mzizi umeua mmea mzima pamoja na vijidudu vya kwenye udongo. Maswali niliyozoea kuulizwa mimi yote yakanijia mdomoni! Nikayameza, nikamuuliza anapenda kula nini. Orodha yake ilikuwa ndefu kuliko yangu.

#3
Hapa naomba mnivumilie, nitaandika kirefu. Niliacha kila kitu cha mnyama, mayai na maziwa vikiwemo. Muda mrefu nilikuwa fiti. Baadaye nikaanza kupata ganzi miguuni, uchovu, na kusahausahau. Vipimo vikaonyesha upungufu wa vitamini B12. Vitamini hiyo hutengenezwa na bakteria, na mimea si chanzo cha kutegemea. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka, ndiyo maana mtu anajiona mzima huku ghala linaisha. Tena mboga za majani zina foleti nyingi (vitamini nyingine ya kundi B), ambayo inaweza kuficha dalili kwenye damu wakati mishipa ya fahamu inaendelea kuumia. Kwa hiyo usiyegusa chochote cha mnyama, ama unameza vidonge vya B12 ama unakula vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Hapo hakuna ujanja.

Madini ya chuma nayo yanataka akili kidogo. Ya kwenye maharage na dengu hufyonzwa kwa shida kuliko ya kwenye nyama. Limau au chungwa pamoja na chakula husaidia, chai na kahawa huzuia, zisogeze mbali na mlo.

Sasa ndugu! Waliposikia majibu ilikuwa kama sherehe. "Si tulikuambia?" Mjomba akaja na maini ya kuchemsha. Nikamwambia, mjomba, kilichopungua ni vitamini moja na kidonge chake ninacho. Hakufurahi. Sikurudi kwenye nyama, ila mwingine angerudi kwa hali ile nisingemcheka.

#4
Mimi ndiye mla nyama, mke wangu ndiye aliyeacha. Kesi ya kwanza ndani ya nyumba ilikuwa mwiko. Nilikoroga mchuzi wa nyama, nikauchovya huohuo kwenye maharage yake. Nikaona jambo dogo, yeye hakuona hivyo. Tukanunua mwiko wa pili, kesi ikafungwa. Na wenzangu mjue, kuokota vipande vya nyama na kubakiza mchuzi hakuufanyi kuwa mchuzi wa mboga.

Kesi ya pili ilikuwa yake. Nikiwa na mnofu mkononi, yeye anaanza kunisimulia yanayotokea machinjioni. Nikamwambia mama, mimi sikulazimishi kula, nawe usinihubirie nikiwa natafuna, tukimaliza, nitasikiliza. Na kweli huwa nasikiliza. Watoto tumewaachia wachague: mkubwa kamfuata mama, mdogo kanifuata mimi, wa katikati anamfuata aliyepika vizuri siku hiyo.

#5
Swali la kizembe: kuna rafiki yangu anakunywa maziwa ila jibini anakagua kwanza. Mbona ni maziwa yaleyale?

#6
Si la kizembe. Baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya cha kwenye tumbo la ndama. Nyingine hutumia cha vijidudu, ndiyo maana anasoma pakiti. Angalia pia gelatini kwenye pipi laini na maganda ya vidonge, hutokana na ngozi na mifupa. Jirani yangu Mwislamu na mimi huwa tunageuza pakiti ileile dukani, yeye akimtafuta nguruwe, mimi mnyama yeyote.

#7
Mimi nimefichiwa. Mama mkwe alipika wali kwa supu ya mifupa, akasubiri nimalize sahani ndipo atangaze mbele ya wageni: "Umeona? Hujafa!" Watu wakacheka. Bora angeniambia hana cha kunipikia, ningekula matunda nikashukuru. Siku hizi nikialikwa naeleza mapema kwa simu, si mezani, na nabeba sahani moja kubwa ya kuwatosha wote. Mara nyingi wala nyama ndio wanaimaliza.

#8
Naruhusiwa kusema nilirudi kula nyama? Nilikuwa kwenye kundi la wala mboga. Nilipowaambia nimeanza kula samaki, wakanitoa jioni ileile, eti msaliti. Wale wale waliokuwa wakilalamika kwamba ndugu zao hawawaheshimu.

#1
Mkuu #8 karibu, hapa hatumtoi mtu. Na #7, hiyo sahani kubwa unaweka nini? Nina mwaliko Jumamosi.