Uliyetuuzia kiolezo cha tasnifu chenye cache=TRUE kila mahali, njoo hapa

Wakuu, nimetoka kwa msimamizi wangu sasa hivi, sina pa kuficha uso. Kazungushia kalamu nyekundu namba mbili: sura ya tatu nimeandika wahojiwa 387, jedwali la sura ya nne linasema 412. Akaniuliza, "Hawa 25 wamefufuka lini?"

Nilishawafuta wiki mbili zilizopita! Walikuwa wamejirudia kwenye CSV, yaani faili la data, nikaisafisha, nikaihifadhi kwa jina lilelile, nikatoa PDF upya zaidi ya mara kumi. Kila mara inatoka chapuchapu, nami nachekelea kasi. Kumbe nalishwa kiporo.

Kiolezo ni cha knitr, yaani msimbo wa R (lugha ya takwimu) ndani ya hati ya LaTeX (ya kupangia maandishi), na muuzaji kaiwasha kache (cache=TRUE), ile hifadhi ya majibu yaliyokwisha kokotolewa, pale juu kabisa, ikabeba vipande vyote vya msimbo mpaka kile kinachosoma data. Sasa knitr ikitaka kujua kama kipande kikokotolewe upya, inaangalia msimbo wako na mipangilio ya kipande, inatoa hashi ya MD5 (alama fupi inayobadilika ukigusa hata herufi moja), ikikuta ni ileile inavuta majibu ya zamani kwenye folda ya kache. Faili la data halimo kwenye hesabu hiyo. Juzi nilifuta mstari mmoja tu wa maoni, usiogusa hesabu yoyote, kwenye kipande cha modeli, ikakokotoa dakika 40, feni inalia kama mashine ya kusaga. Data nzima imebadilika, kimya!

Na asije mtu hapa na "soma maelekezo". Nimeyasoma leo, baada ya kuaibika. Dawa ni mstari mmoja kwenye kipande kinachosoma data: cache.extra = tools::md5sum("wahojiwa.csv"), unaoingiza hashi ya faili la data kwenye hesabu ile. Halafu vipande vya chini viambiwe vinategemea kipi, kwa dependson, la sivyo cha juu kitasoma data mpya na cha chini kitaendelea na kiporo chake. Mtu kachukua hela zetu, mstari huo hakuuweka, hata neno moja la onyo hakuna.

Mimi nimefuta folda nzima ya kache, mashine inakokotoa tangu saa tano. Mlionunua, kabla hamjapeleka kazi kwa mtahini hebu linganisheni idadi ya kwenye jedwali na mistari ya CSV. Na wewe muuzaji, nakuona uko hewani hapo.